Jiko Lilale Nje

Andiko la somo: Kumbukumbu la Torati 22:8. Soma pia Matendo ya Mitume 20:7–12.



Somo la wiki hii linatoka kwenye mstari mmoja ambao wengi wetu tumeupita tukikimbilia kwingine. Upo baada ya sheria za ng'ombe aliyepotea na kiota cha ndege. Musa anawaambia Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya azungushe ukuta mfupi kwenye dari yake, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile.

Dari inayosemwa hapa ni paa la juu lililo tambarare, kama la nyumba za zamani za mawe kule Lamu. Watu waliishi juu yake. Rahabu aliwaficha wapelelezi chini ya mabua ya kitani darini. Petro alipanda darini kusali. Watoto walicheza huko, wageni walilala huko wakati wa joto. Mwenye nyumba alipazoea kiasi kwamba hata gizani alijua ukingo uko wapi. Mgeni hakujua.

Naomba tuangalie mambo mawili kwenye sheria hiyo. Kwanza, ukuta unajengwa kabla mtu hajaanguka. Pili, Mungu hamwulizi mwenye nyumba kama alikusudia. Kusema "sikujua" au "sikutaka" hakuondoi damu. Sheria hii haimhusu muuaji. Inamhusu mtu mwema aliyemkaribisha mwenzake nyumbani.

Sisi huku Texas hatulali darini. Lakini tumehamia kwenye nyumba mpya, na nyumba hizi zina ukingo wake ambao wengi wetu hatuuoni. Tumeingia Januari, na baridi kali ya hapa mara nyingi huja Januari na Februari, kwa hiyo nataka tuzungumze juu ya moto ndani ya nyumba.

Mliokuwapo Februari 2021 mnakumbuka. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15, baada ya saa saba usiku, ERCOT, wale wanaosimamia gridi ya umeme ya Texas, waliamuru umeme ukatwe kwa sababu mitambo ilikuwa inazimika kwa baridi na gridi nzima ilikaribia kuanguka. Walisema ni mgao wa muda mfupi. Kwa nyumba zaidi ya milioni 4 haukuwa mfupi. Wengine walikaa siku tatu na zaidi. Jumanne tarehe 16 uwanja wa ndege wa DFW ulipima nyuzi 2 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani kama 19 chini ya sifuri kwa vipimo vya nyumbani. Houston, ambako watu hawana hata makoti ya kweli, ilishuka hadi 13 za Farenhaiti. Mabomba yalipasuka, maji yakakatika.

Idara ya Afya ya jimbo ilihesabu vifo 246 kutokana na dhoruba ile. Wengi waliuawa na baridi yenyewe. Lakini 19 waliuawa na walichokiwasha ili wapate joto: hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Uchunguzi wa waandishi wa habari ulikuta kwamba watu zaidi ya 1,400 walikimbilia hospitali kwa sumu hiyo hiyo. Miongoni mwao walikuwamo wahamiaji wengi. Kule Houston walikufa watu wa Afrika Mashariki ambao gari liliwashwa gereji ili wapate joto. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wazazi waliokuwa wanatafuta namna ya kupasha watoto joto.

Nami niwaambie yaliyonipata, maana nisipoyasema nitakuwa ninawahubiria tu. Usiku wa pili bila umeme nilitoka zamu nikakuta watoto wamejifunika mazulia. Nikawasha jiko la gesi kwa kiberiti, pleti zote nne, nikafunga mlango wa jikoni na sebule ili joto lisitoke, tukakaa pale tukiimba. Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma, nikasema ni uchovu. Halafu binti yangu mdogo akasema, "Mama, na mimi kichwa." Hapo ndipo akili ilinirudia. Nilikuwa na shahada ya uuguzi imetundikwa ukutani, nyumba moja na ule moto. Tulifungua milango yote, tukatoka nje kwenye theluji na mablanketi, tukamaliza usiku kwa majirani. Mungu alitusaidia kwa kinywa cha mtoto.

Sasa niieleze sumu yenyewe. Chochote kinachoungua, kiwe mkaa, kuni, gesi, petroli au mafuta ya taa, kinatoa kaboni monoksaidi, na kinatoa nyingi zaidi pale hewa inapokuwa haba. Haina harufu. Haina rangi. Haiwashi macho kama moshi. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukamata ile sehemu inayobeba oksijeni, na inaikamata kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ni kama daladala ambayo viti vyote vimekaliwa na watu wasiotaka kushuka. Abiria halali anabaki kituoni. Moyo unapiga, mapafu yanavuta, lakini ubongo haupati kitu.

Ndugu, naomba mama na baba zetu wanisikilize kwa makini kwenye jambo la mkaa. Nyumbani tumefundishwa kwamba jiko la mkaa likishaiva, moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, basi ni salama kuliingiza ndani. Si kweli. Moshi umekwisha, sumu haijaisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kuitoa mpaka yazime kabisa. Hata nyumbani watu hufa hivyo. Kila msimu wa baridi tunasikia habari kutoka nyanda za juu za Kenya na za kusini mwa Tanzania za watu waliolala na jiko na hawakuamka. Wengi tuliokulia na jiko tumepona kwa sababu nyumba zetu zilikuwa na upenyo kati ya ukuta na bati, madirisha ya nondo, milango isiyofunga vizuri. Upepo ulikuwa unatuokoa bila sisi kujua. Nyumba ya Texas imezibwa kila mahali ili ubaridi wa eyakondishina usitoke wakati wa kiangazi. Milango ina mipira pembeni, madirisha yana vioo viwili. Jiko lile lile ulilolala nalo Uvira au Arusha miaka 20, hapa linaweza kuua familia kwa usiku mmoja.

Ndugu zetu wa Goma hawatashangaa sana nikisema hewa inaweza kuua. Wao wana neno lake: mazuku, ule upepo mbaya unaotoka ardhini kando ya Nyiragongo na Ziwa Kivu, unaotuama mabondeni na kuua mbuzi, na mara nyingine watu. Mazuku ni hewa nyingine, kaboni dioksaidi, na ni nzito kwa hiyo inakaa chini. Hii ya jiko haikai chini. Inachanganyika na hewa ya chumba chote, kwa hiyo kulala kitanda cha juu hakusaidii, na kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Lakini mtu wa Goma ameshafundishwa na wazee wake jambo kubwa kuliko mafunzo mengi ya hospitali: kwamba pale unapoona mnyama amelala bila jeraha, usiingie kumtazama. Ondoka kwanza.

Utaijuaje? Kichwa kinauma. Kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea, kuchanganyikiwa, halafu kuzirai, au kuzimia kama wengine wetu tunavyosema. Mtu hufikiri ni mafua au chakula kibaya. Tofauti ni hizi: hakuna homa, mnaumwa watu wawili watatu kwa wakati mmoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Tena ikiwa mbwa au paka naye amelegea, usingoje. Walevi na waliolala ndio hatari zaidi, maana hawatasikia hata hicho kichwa.

Kitu kimoja cha kitaalamu ambacho nimekiona kikidanganya watu. Kile kifaa cha kubana kidoleni tulichonunua wakati wa korona hakitakusaidia hapa. Kinaona damu imejaa na ni nyekundu, kinasoma 98, kumbe kilichojaa si oksijeni. Usimwache mtu kitandani kwa sababu kidole kinasema yuko salama. Hospitalini tunapima damu kwa mashine nyingine.

Mama wajawazito wana hatari ya peke yake. Damu ya mtoto tumboni inaishika sumu hii kwa muda mrefu kuliko ya mama. Mama anaweza kusema "nimepona sasa" huku mtoto bado anakosa hewa. Mama mjamzito aliyekuwa ndani ya nyumba ile aende hospitali, hata kama anacheka.

Ikitokea, fanya hivi: toka nje, wote, sasa hivi. Usianze kutafuta pasipoti wala kuzima jiko. Ukiwa nje piga 911. Mwenye kukujibu akizungumza Kiingereza usichokielewa, sema neno moja, "Swahili", na usikate simu. Watakutafutia mkalimani kwenye laini. Taja anwani na namba ya apatimenti, na namba ya geti kama lipo. Naomba kila nyumba iandike mambo hayo kwa herufi kubwa kwenye mlango wa friji, maana usiku ule utaisahau hata namba uliyoikariri. Zima moto watakuja na kipimo cha hewa. Msirudi ndani mpaka wao waseme.

Najua kinachowazuia wengi. Mtu anasema, "Ambulansi hapa ni dola elfu moja, bora nilale, asubuhi nitakuwa sawa." Nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu wa kanisa hili. Nawaomba tuelewane. Hospitali yenye chumba cha dharura inayopokea fedha za Medicare, yaani karibu zote, inatakiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 kumpima kila anayefika na kumtuliza hatari yake kabla ya habari ya malipo. Bili inaweza kuja baadaye, ni kweli, na inaweza kuwa kubwa. Lakini bili ina mlango wa kuombea. Wakazi wa Dallas County wana Parkland, wa Tarrant wana JPS kule Fort Worth, wa Harris wana Harris Health kule Houston, na zote zina mpango wa msaada kwa wenye kipato kidogo. Ikiwa ulipelekwa hospitali nyingine, omba fomu ya msaada wa malipo. Hospitali zisizo za biashara zinatakiwa kuwa nayo. Tuletee hiyo karatasi, tutaijaza pamoja Jumapili. Bili tunaweza kuijadili.

Tena hospitalini usimtumie mtoto wako wa darasa la nne kuwa mkalimani. Una haki ya mkalimani bila kulipa. Hata kama Kiswahili chako ni cha Fizi na mkalimani ni wa Tanga na mnatafutana maneno, ni afadhali kuliko mtoto kubeba habari za baba yake aliyezirai.

Matibabu yenyewe ni oksijeni. Kwenye hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka kwa saa nne hadi sita hivi. Kwa oksijeni safi ya barakoa ni kama saa moja au moja na nusu. Ndiyo maana haifai kusubiri asubuhi. Na wengine hupona, wakarudi baada ya wiki wakisahau majina na kukasirika ovyo. Msimshambulie mtu huyo kwa maombi ya kufukuza pepo kabla daktari hajamwona.

Na hapo niseme neno kama kiongozi, si kama nesi. Watu kadhaa wakifa chumba kimoja bila jeraha, sisi Waafrika tunaanza kuuliza nani amewaloga. Nimesikia hivyo hata hapa, na nimesikia mtu akitajwa jina. Hilo ni kosa la pili juu ya msiba wa kwanza. Tunaamini maombi. Lakini kama familia yako inaumwa kichwa wote na jiko linawaka, fungua mlango, watoe watu, halafu muombe mkiwa nje.

Si baridi tu. Ndugu zetu wa Houston walijifunza upande wa pili wa jambo hili Julai 2024. Kimbunga Beryl kilifika pwani ya Texas tarehe 8, na wateja zaidi ya milioni 2 wa CenterPoint wakabaki bila umeme kwenye joto la kiangazi, wengine kwa zaidi ya wiki. Watu wakanunua jenereta. Jenereta ni injini ya petroli, inatoa sumu hii kwa wingi kuliko jiko. Iwekwe nje, angalau futi 20 kutoka kwenye nyumba, yaani hatua nane za mtu mzima, na moshi wake uelekee mbali na madirisha, yako na ya jirani. Gereji si nje, hata mlango ukiwa wazi. Roshani ya apatimenti si nje. Najua mnaogopa itaibiwa. Nunua mnyororo.

Gari vile vile: ukitaka kukaa ndani ya gari upate joto au kuchaji simu, litoe kwanza gereji kabisa. Kukiwa na theluji, hakikisha bomba la moshi nyuma halijazibwa.

Na usiku wa baridi bila umeme tufanye nini? Kaeni chumba kimoja, kidogo, mziba chini ya mlango kwa taulo, vaeni nguo juu ya nguo, lala watoto katikati. Piga 211, waulize kituo cha kupata joto kilicho karibu. Nako unaweza kuomba Kiswahili. Piga pia kiongozi wa kundi lako. Mwaka 2021 familia moja kati yetu ilikuwa na umeme siku zote na ikalaza watu 14, na nyingine mtaa wa pili ilikaa gizani siku tatu kwa sababu haikutaka kusumbua mtu.

Sasa ukuta wa darini. Kuna kengele ya kaboni monoksaidi. Inauzwa madukani kwa vifaa vya nyumba, nyingi si zaidi ya bei ya chakula cha familia mgahawani, na ya betri inafanya kazi umeme ukikatika. Iweke karibu na mnapolala. Nyumba ya ghorofa, kila ghorofa moja. Kengele ya moshi haioni sumu hii, ni vitu viwili tofauti. Kuna vinavyofanya kazi zote mbili. Soma kwenye boksi. Milio yake: ya moshi hulia mara tatu na kupumzika, ya kaboni monoksaidi mara nne na kupumzika. Kalio kamoja kila baada ya muda ni betri imechoka, au kifaa kimezeeka. Mwaka 2021 Texas ilikuwa miongoni mwa majimbo machache yasiyo na sheria ya jimbo zima ya kuilazimisha majumbani, na wengi wetu tunakaa apatimenti za zamani, kwa hiyo usidhani mwenye nyumba ameiweka. Kengele ya moshi, hiyo anatakiwa kuiweka kwenye kila chumba cha kulala.

Na tafadhali, ile mifuko ya plastiki tuliyoifunga kwenye kengele siku tulipokaanga samaki, tukaifungue leo. Mimi mwenyewe nimeiona nyumba tatu, na moja ni ya mzee wa kanisa. Simtaji.

Mwisho soma habari za Eutiko, Matendo 20. Kijana alikaa dirishani ghorofa ya tatu, akasinzia, akaanguka. Luka, ambaye alikuwa tabibu, anataja kwamba chumba kile kilikuwa na taa nyingi. Sisemi kwamba taa ndizo zilimlaza. Paulo naye alihubiri mpaka usiku wa manane, na wachungaji wetu wasome hapo taratibu. Lakini nesi akisoma taa nyingi za mafuta, watu wengi, chumba cha juu na kijana mwenye usingizi mzito, anaangalia dirisha.

Maswali ya vikundi vya nyumbani wiki hii:

Nani kwenye kundi lenu amefika Texas baada ya Februari 2021, na hajawahi kuuona umeme ukikatika wakati wa baridi? Nani atamtembelea?

Nyumbani kwenu kuna moto wa aina gani, na mnaowasha mkaa kwa nyama choma mnauacha wapi unapozima?

Mtoto wenu anaweza kusema anwani ya nyumba kwa Kiingereza bila kusoma?

Kwa nini Mungu aliiweka damu juu ya nyumba, na si juu ya aliyeanguka?

Jumapili ijayo baada ya ibada nitakuwa ukumbini na kengele mbili za mfano, msikie milio yake. Wanaotaka kununua kwa pamoja waandike majina kwa katibu. Wajane na familia zilizofika mwaka huu hazitalipa. Mfuko wa akina mama umeshatenga. Mwenye bisibisi na ngazi ndogo aje nazo, kuna nyumba sita za kufungia siku hiyo hiyo, na mbili ni ghorofa ya tatu.